Dada aliyebaki Landi

Nyumbani kwetu Same, neno "kwetu" lilikuwa na mahali pawili. Babu akilitamka, alimaanisha Chome, juu milimani, chini ya mlima Shengena. Baba akilitamka, alimaanisha Muthurwa, Nairobi, kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, mahali ambapo sisi watoto wake hatukuwahi kukanyaga. Akiona bomba linavuja atasema kwetu bomba likivuja mtu wa relwe anafika siku hiyohiyo. Akinywa chai atasema kwetu chai ilikuwa na maziwa ya kutosha. Mama, mzaliwa wa Same, alikuwa na jibu moja tu: "Huko kwenu amebaki nani?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, ila hakuna aliyelitoa mezani. Alibaki shangazi.

Mwezi wa Agosti 2023 nilimpeleka baba Nairobi. Alikuwa na miaka 72, na mara ya mwisho kuuona mji ule ilikuwa Januari 1977. Watu wameniuliza safari ilikuwaje, na kila mara nimejikuta naanza na barabara ya juu na treni mpya. Leo nataka kuieleza ilivyokuwa, maana barabara na treni ndizo zilizokuwa na uzito mdogo kuliko vyote.

Nianze na babu. Aliondoka Chome mwaka 1946. Upare ulikuwa umechafuka kwa sababu ya mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, na watu kwa maelfu walikuwa wameshuka milimani kwenda bomani Same kuipinga. Babu alikuwa kijana asiye na shamba la maana, na kodi, iwe ya mbiru au ya kichwa, ilitaka fedha taslimu. Fedha ilikuwa reli. Siku hizo mtu aliweza kupanda treni Same, akapita Kahe, Taveta na Voi, akashukia Nairobi, akibadilisha mabehewa tu njiani. Kipande cha Voi hadi Taveta Waingereza walikijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili jeshi lao lipenye kuelekea Moshi. Miaka thelathini baadaye kikawa njia ya vijana wa Kipare wanaotafuta kazi.

Alianza kwa kusafisha injini, akapanda hadi kuwa msaidizi wa dereva. Kati ya 1955 na 1956 reli ilipokea injini 34 za mvuke kubwa kuliko zote walizowahi kuwa nazo, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja iliitwa Mount Shengena. Babu alisafiri nayo kati ya Mombasa na Nairobi, na mpaka uzeeni alilisimulia jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la mkwewe: alikwenda mbali kutafuta kazi, akaukuta mlima wa kwao umetangulia, unavuta mizigo.

Bibi alimfuata mwaka 1948, shangazi akiwa mgongoni. Baba akazaliwa Nairobi, hospitali ya Pumwani, mwaka 1951. Walikaa chumba kimoja cha landi, bomba la nje na vyoo vya pamoja, majirani kutoka kila upande: Wamaragoli, Wajaluo, Wakamba, Waganda wachache, Wanyamwezi. Baba alikua akijua matusi ya lugha tano na nyimbo za kanisani za lugha tatu. Mwaka 1970 akaingia karakana ya reli kujifunza ufundi. Mwaka huohuo shangazi akaolewa na kijana wa Kikamba, naye wa relwe.

Mnaojua historia mnajua kilichofuata. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, na reli ikagawanywa kama watoto wanavyogawana shamba la baba aliyefariki bila wosia. Wafanyakazi wakaambiwa kila mmoja arudi nchini kwake. Nchi ya baba, kwa karatasi, ilikuwa Tanzania, nchi aliyokuwa ameilala mara nne kwa likizo. Babu, bibi na baba wakapakia kabati, cherehani na godoro kwenye lori. Shangazi alikuwa ameshakuwa Mkenya kwa ndoa. Alisimama pale nje ya landi na mtoto mkononi, na bibi akamwambia, "Tutaonana Pasaka."

Februari mpaka ukafungwa.

Hapa ndipo simulizi ya familia yetu ilipokuwa ikinidanganya kwa miaka mingi, na sisemi kwamba mtu alikusudia. Tulivyoambiwa ni kwamba mpaka ndio uliotutenganisha. Bibi aliugua akafa Chome mwaka 1980, mpaka umefungwa, na habari zikamfikia shangazi miezi mitatu baadaye kupitia mfanyabiashara wa Taveta aliyejua vichochoro. Hiyo ni kweli tupu, na kila nikiifikiria kifua kinanibana. Lakini mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja. Jumuiya mpya ikaanza kazi mwaka 2000. Mabasi ya Nairobi yanapita Moshi kila siku. Serikali zilitufungia njia miaka sita na miezi kadhaa. Hiyo mingine arobaini kasoro, nani aliifunga?

Swali hilo lilinijia mpakani Holili, nikiwa nimesimama kwenye foleni. Maafisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja siku hizi. Tulimaliza kwa chini ya saa moja, na afisa wa Kenya akamwambia baba, "Karibu nyumbani, mzee," kwa sababu alisoma kwenye hati kwamba amezaliwa Nairobi. Baba aliichukua hati yake akaitazama tena, kama aliyekuwa hajui imeandikwa hivyo.

Tulipita Taveta kwa makusudi, badala ya Namanga, kwa sababu baba alitaka kuifuata reli. Basi, tuliifuata. Matatu ilipita kwenye lami nzuri, na reli ya zamani ikawa inaonekana na kupotea kwenye majani, Maktau, Mwatate, hadi Voi. Baba hakusema neno. Voi tukapanda treni mpya, ile iliyoanza Mei 2017, na ndani alirudi kuwa fundi: akasikiliza magurudumu, akahesabu mwendo kwa saa yake ya mkononi, akanieleza upana wa reli ya zamani kuwa mita moja na hii kuizidi. Alipenda. Nilikuwa nimejiandaa alalamike, akapenda.

Treni ile haiingii mjini. Inaishia Syokimau, kisha unapanda nyingine ndogo inayokwenda stesheni kuu kwa reli ya zamani. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Tulipopita Makadara alisimama. Akawa anataja majina kabla hatujafika, upande wa kulia, upande wa kushoto, Landi Mawe, karakana, na mara tatu alitaja kitu ambacho hakikuwepo. Abiria mmoja mama akamsogelea akamshika kiwiko ili asianguke.

Baba aliiacha Nairobi yenye watu wasiofika milioni moja. Sensa ya 1969 ilihesabu laki tano na ushee. Ya 2019 ilihesabu milioni 4.4. Takwimu nilizisoma kabla ya safari, nikadhani nimeelewa. Kuelewa kulikuja tuliposhuka na kutembea kwa mguu kuelekea Muthurwa, saa kumi jioni, wakati mji mzima unatoka kazini. Baba alikuwa akitembea kama anavyotembea Same, katikati ya njia, akitegemea watu watampisha mzee. Hawakuwa na nafasi ya kumpisha. Mikokoteni, makondakta, mama na mzigo wa kabeji, matatu zinazopanda ukingo wa barabara. Nilimshika mkono kama mtoto, naye akakubali kushikwa.

Muthurwa leo ni soko na kituo cha matatu. Soko lilijengwa kuwatoa wachuuzi katikati ya jiji. Nyuma yake landi zenyewe zilianza kubomolewa mwaka 2010, wakazi wakakimbilia mahakamani, na sehemu zikasalia. Baba alikuwa na namba ya chumba kichwani, na mstari, na hesabu ya hatua kutoka bombani. Vyote vitatu havikutusaidia. Tulizunguka. Kijana mmoja aliyekuwa akipanga viatu vya mitumba akatuuliza, "Sasa mzee, mnatafuta nani?"

"Nilikuwa naishi hapa."

"Lini?"

"Mpaka sabini na saba."

Kijana akatabasamu kwa upole. "Mzee, mathe alikuwa hajazaliwa." Mathe, yaani mama yake.

Lakini hakutuacha. Alifunika viatu vyake kwa nailoni, akamwachia mwenzake, akatupeleka kwa bibi mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na ukuta. Yule bibi hakuuliza namba ya chumba. Aliuliza, "Mlikuwa jirani na nani?" Baba akafikiri, akasema kulikuwa na mama wa Kimaragoli, akiuza maandazi asubuhi, mguu mmoja ulikuwa na kovu la moto. Bibi akaacha kukata sukuma. Akasema, "Alinifundisha kukanda." Mama wa maandazi alirudi kwao Vihiga zamani, akafariki huko. Wakaanza hapo, wakaenda kwa dereva aliyekuwa na gramafoni, kwa mlinzi wa lango, kwa mtoto aliyeanguka kutoka kwenye tangi la maji akapona, na mimi na kijana wa viatu tumesimama tukisikiliza watu wawili ambao hawakuwahi kujuana wakijenga mtaa mzima kwa maneno.

Kama una mzazi unayetaka kumrudisha mahali alipokulia, mwandikishe majina ya majirani kabla ya kuondoka. Ya majirani, na kazi zao, na kilema cha kila mmoja kama alikuwa nacho. Mimi nilikuwa nimeandika anuani.

Siku ya pili tulikwenda makumbusho ya reli, karibu na stesheni kuu. Nilijua injini ya babu iko pale, nikawa nimeificha habari hiyo. Tulipita mabehewa, tukapita injini nyingine ndefu iliyobaki katika zile 34, Mount Gelai, halafu baba akaona kibao. Herufi kubwa, MOUNT SHENGENA. Alivua kofia. Akapitisha kidole kwenye kila herufi, taratibu, mpaka ya mwisho, halafu akaniambia niende nimwache kidogo. Nilikwenda nikakaa kwenye nyasi. Sijui alimwambia nini baba yake na sikuuliza.

Shangazi anakaa Umoja. Walihamia huko na mumewe mtaa ukiwa mpya, nyumba za chini zenye ua mdogo. Sasa ghorofa zimezunguka pande zote na jua linafika kwenye ua wake saa sita hadi saa nane tu. Ana miaka 75, mjane, ana wajukuu sita. Nilimjua kwa sauti ya simu ya Krismasi na ya misiba. Alifungua mlango, akamtazama baba kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "We mtoto, umekonda."

Baba, mwenye miaka 72, akajibu, "Shikamoo dada."

Hawakukumbatiana. Alimvuta ndani kwa kola ya shati.

Jioni hiyo nilijifunza kwamba watu wawili waliolala godoro moja utotoni wanaweza kuachana hata katika majina ya vitu. Shangazi alipika, akatenga, akasema, "Kuleni githeri." Baba akasema makande yake yana ladha ya mama. Yeye leso, baba kanga. Yeye "niko na watoto wanne," baba "nina watoto watatu." Wajukuu wakawa wanaongea Sheng yao ya Eastlands, na nikaona baba anaelewa zaidi yangu, maana baadhi ya maneno aliyaacha pale yakiwa machanga. Walicheka sana. Kisha wajukuu wakaenda kulala, na shangazi akazima televisheni.

Akauliza, "Mama mlimzika na leso gani?"

Baba hakujua. Alikuwepo, alibeba jeneza, alitia udongo, na hakujua. Nilimwona akitafuta jibu kwa bidii kiasi kwamba mshipa wa paji la uso ulimsimama. Shangazi akangoja. Alikuwa amengoja miaka 43. Sikuona dalili kwamba angemwambia basi, acha tu.

Nikatoka uani nikampigia mama simu Same. Ilikuwa saa nne usiku. Sikumaliza hata kuuliza. "Ile ya kahawia, yenye korosho," mama akasema. "Aliyoletewa na wifi kabla ya kurudi huku. Kipande kimoja tulimfunga kiunoni, kingine tukamfunika miguu kwa sababu alikuwa analalamika baridi ya Chome. Mwambie nilimvalisha mimi mwenyewe, na mama mkubwa." Nikaweka simu sauti ya juu, nikaiweka mezani, mama akarudia maneno yaleyale. Ilikuwa mara ya kwanza wifi hao wawili kuzungumza jambo zaidi ya salamu. Shangazi alishika uso kwa viganja vyote viwili. Alisema tu, "Nilimnunulia Biashara Street. Nilimpa siku ya lori."

Baada ya hapo yalitoka mengine. Shangazi alidhani tumemtenga kwa sababu hakuja kuzika. Alikuwa amejihukumu kwa niaba yetu, akajifungia huko. Baba naye alikuwa na lake, na hili hata mama hakulijua. Wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya walidai mafao yao kwa miaka na miaka. Baba aliapa hatarudi Nairobi mikono mitupu, kama kijana aliyefukuzwa. Angeingia Muthurwa na suti, na zawadi ya dada. Fedha zilipokuja hatimaye, zilikwenda kwenye mabati na ada ya mdogo wangu. Suti haikununuliwa. Ndiyo maana hakuja. Mwanamume mzima, aliyenifundisha mimi kuomba msamaha nikiwa na miaka minne, alikaa karibu miongo minne akisubiri suti, wakati huku dada yake anajiuliza mama alizikwa na nini.

Nilikasirika. Nakiri nilikasirika, na nilimwambia asubuhi yake tulipokuwa tukinywa chai, mbele ya shangazi. Sikuwahi kumwambia baba neno zito namna ile. Shangazi ndiye aliyeninyamazisha. "Mwanangu, wewe umekulia mahali ambapo ukisema kwetu, watu hawakuulizi kwa nini. Sisi landi ilikuwa ya relwe. Kazi ikiisha, unatoa funguo. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya kurudisha funguo, huona haya kubisha hodi."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Babu alihama akijua anahama. Alikuwa na Chome nyuma yake. Baba hakuhama hata siku moja. Alibebwa na lori kwenda nchi aliyoambiwa ni yake, na mahali alipopaita kwetu hapakuwahi kuwa na hati, shamba wala kaburi la mtu wake. Sikuwa nimewahi kumhurumia kwa hilo. Nilikuwa nikicheka na mama.

Tulikaa siku tisa. Mambo mengine ya Nairobi tuliyaona harakaharaka: barabara ya juu ya kilomita 27 ambayo baba alikataa kupita kwa sababu haioni reli, kanisa alilobatizwa, Marikiti ambako bei ya viazi ilimshtua. Siku nyingi alikuwa uani kwa shangazi, wakifuata yale masaa mawili ya jua kwa viti vyao, wakibishana kama bomba la landi lilikuwa upande wa karakana au upande wa barabara. Hawakukubaliana hadi tunaondoka.

Desemba, siku kumi kabla ya Krismasi, nilikuwa Same kwa likizo. Simu ya baba ikalia saa tatu asubuhi. Shangazi, na nyuma yake makelele ya stendi.

"Nimeshavuka Holili. Huku wananiambia nishukie Himo. Himo ni wapi? Nina mzigo, na magoti yangu unayajua."

"Uko na nani?" baba akauliza.

"Na nani tena? Peke yangu. Nimekuja kwa mama."

Kutoka kwetu hadi Himo ni mwendo wa saa moja na nusu. Nilikuwa bado natafuta funguo za gari wakati baba alishatoka nje, shati limevaliwa nje-ndani, anapiga kelele nifanye haraka, dada yake amesimama juani.